Binti yangu anaficha uso, na mwisho wa mwezi nasafiri

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Nimekuwa nikiisoma safu hii ugenini, usiku nikishamaliza kazi, na sikuwahi kudhani kwamba iko siku nitaandika mimi. Naomba jina langu lisitajwe, wala la mwanangu.

Ni mzaliwa wa Tanga, kwetu ni Makorora. Nina watoto wawili. Mwaka 2013 baba yao alituacha, nikabaki sina mbele wala nyuma, nikapata kazi ya ndani Muscat kupitia wakala. Binti yangu alikuwa na miaka minne, mdogo wake ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Niliwaacha kwa mama yangu. Tangu hapo maisha yangu ni mkataba wa miaka miwili, likizo ya miezi miwili, kisha narudi tena. Simlaumu mtu. Kwa kazi hiyo nimenunua kiwanja Pongwe, nyumba imefika kwenye lenta, na mwanangu wa kiume yuko shule ya bweni, ada nalipa mimi.

Safari hii nilipofika nilimkuta binti yangu amevaa barakoa, ndani ya nyumba. Nikadhani ana mafua. Mama akaniambia, "Huyo ndivyo alivyo tangu mwaka jana." Ana miaka 16 sasa, yuko kidato cha tatu. Chakula anakula peke yake chumbani. Wakiwepo watu anainua barakoa kidogo, anapitisha kijiko kwa chini. Walimu walidhani ana pumu, wakamwacha. Siku hizi na shule yenyewe anaikwepa, kwa wiki anakwenda siku tatu. Asubuhi anaingia bafuni saa kumi na moja, hatoki mpaka saa moja imepita. Kioo cha ukumbini amekifunika kwa kanga, lakini huyo huyo anajitazama nyuma ya kijiko, kwenye dirisha la duka, kwenye simu iliyozimwa.

Kisa ni pua. Anasema ni pana, imepinda kushoto, na kila anayepita njiani anaicheka. Bi Mshauri, wallahi pua ya mwanangu haina kitu. Shangazi zake walikuwa wakimtania utotoni kwamba amechukua pua ya upande wa baba, lakini nani hataniwi? Mimi mwenyewe kila nikipiga simu ya video ya imo nilikuwa na mazoea ya kumkagua: mbona umekonda, mbona chunusi, sogeza simu nikuone vizuri. Mama wa mbali macho yake ndiyo mikono yake.

Sasa kutwa ananiuliza, "Mama, leo imekuwaje? Angalia vizuri." Namwambia uko mzuri mwanangu, mashaallah. Anatulia. Baada ya nusu saa yuko mbele yangu tena. "Unasema hivyo kwa kuwa wewe ni mama." Siku moja nilichoka, nikamjibu, "Haya, ni mbaya, umefurahi?" Hakusema nami siku mbili. Mpaka leo neno lile linanirudia.

Wiki iliyopita niliamka saa tisa za usiku kusali, nikaona mwanga ndani ya chandarua chake. Alikuwa amekaa kitako, pua ameibana kwa kibanio cha nguo, vile vya plastiki vya kuanikia, na simu ameishika karibu na uso, kamera ya mbele imewashwa. Hapigi picha. Anajitazama tu. Nilipokitoa kibanio kilikuwa kimeacha alama mbili nyekundu, huku moja na huku moja, na upande mmoja ngozi imechubuka. Kumbe ni kila usiku. Nikaichukua simu. Nilikuta picha zake zaidi ya 2,000, zote za uso. Katikati ya hizo mlikuwa na picha tatu za binti mdogo wa bosi wangu, yule niliyemlea tangu kuzaliwa. Ni picha nilizoziweka mimi mwenyewe status siku ya Idi. Amezikata, amebakisha pua.

Sikujua niseme nini. Yeye ndiye aliyesema: "Mama, nikishafanyiwa operesheni sitakusumbua tena." Ameshaulizia bei India. Anataka hela ya mabati ya nyumba ya Pongwe.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema mtoto kapigwa kijicho, ameletwa maalim kamsomea na kumpa kombe. Kaka yangu anasema ni TikTok na kudeka, apokonywe simu na bakora juu. Dada yangu wa Dar alisoma mahali kwamba mtoto akiachwa na mama angali mdogo mshikamano wao unavunjika, na akikua anauchukia mwili wake. Akanitumia, na chini akaandika, "Umeona? Umeyapanda mwenyewe." Sijapata usingizi tangu siku ile.

Tiketi yangu ni ya mwisho wa mwezi. Nisiporudi, kazi wanampa mwingine, mwanangu wa kiume anatoka bweni, na mama ana sukari, dawa nanunua mimi. Nikirudi, naogopa simu nitakayopigiwa. Nikilipa operesheni, labda atapona nami nisafiri na moyo mweupe. Ni kweli nimemharibu mwanangu? Nibaki, niende, au nilipe?

Mama aliyechanganyikiwa,
Makorora, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam wa rahmatullah, mama mwenzangu.

Nianze na kibanio, kwa sababu ndicho kilichonikaa kichwani tangu niisome barua yako. Mtoto anayedeka hutafuta watu wa kumtazama akideka. Binti yako alikuwa macho saa tisa za usiku, ndani ya chandarua, peke yake, akivumilia maumivu ili asubuhi aamke na pua nyingine. Huyo anafanya kazi ngumu na anaifanya kwa siri. Kwa hiyo kabla ya yote naomba, kwa heshima zote za mjomba mtu, bakora iwekwe kando.

Umeniuliza maswali matatu kwa pumzi moja: nini kimempata, nani kakosa, na wewe ufanye nini na tiketi. Nadhani yamekubana hivyo kwa sababu yamefungwa fundo moja, na ukivuta kamba mojawapo zote zinakaza. Nitajaribu kuyafungua polepole, ingawa kwa barua siwezi kumpima mtoto wala kumpa jina la maradhi.

Unayoyaeleza yanafanana sana na hali ambayo madaktari wanaijua zamani. Daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliipa jina mwaka 1891, kabla ya simu za kamera na kabla ya TikTok. Siku hizi huitwa dismofia ya mwili. Mtu hushikwa na wazo kwamba sehemu fulani ya mwili wake ina kasoro kubwa, kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ni jambo dogo, na wazo hilo humla saa nzima nzima za siku. Hukadiriwa kuwapata watu wazima kama 2 katika kila 100, wanawake na wanaume, na mara nyingi huanza kwenye umri wa miaka 12 au 13. Kukifunika kioo cha ukumbini na papo hapo kujitafuta nyuma ya kijiko ni tabia inayojulikana kabisa katika hali hii. Mtu anakiogopa kioo, na anakitamani kwa tumaini kwamba safari hii kitasema vingine.

Na lile swali lake, "leo imekuwaje", ni kioo pia. Kioo hicho ni wewe. Ukimjibu "uko mzuri" unampa nafuu ya nusu saa, kama mtu anayekuna upele: ukikuna unapoa, kisha unawasha zaidi. Sisemi umekosea kumjibu. Mama gani angenyamaza? Ila umeona mwenyewe kwamba jibu halishibishi, na siku uliyochoka neno likakutoka. Lile neno linaombewa radhi. Mkalishe umwambie, "Siku ile nilichoka, nikasema jambo ambalo silo ninaloliona. Nisamehe." Mzazi wa Kiswahili kumwomba mtoto radhi ni jambo zito, najua, lakini kwa mtoto anayedhani anakusumbua litafika mbali. Baadaye unaweza kumwambia mapema, mkiwa mmetulia, kwamba ukiulizwa kuhusu pua hutajibu ni nzuri wala ni mbaya. Utasema, "Naona leo imekuuma sana, njoo ukae hapa nami." Siku za kwanza atakasirika. Usiache ghafla bila kumweleza, ataona umemkatia tamaa.

Sasa operesheni. Naelewa kwa nini inavutia: ina bei, ina tarehe, ina mwisho. Lakini katika watu wenye hali hii, wengi wanaopasuliwa hawapati walichokitafuta. Wapo wanaobaki na wazo lile lile, wapo wanaozidiwa, na wapo ambao wazo huhama, leo pua, kesho kidevu. Daktari mwaminifu wa upasuaji akiona dalili hizi humrudisha mgonjwa kwa mtaalamu wa akili kwanza, na kwa mtoto wa miaka 16 ana sababu zaidi ya kusita. Hela ya mabati ikiondoka, binti akarudi akasema bado imepinda, mtakuwa wapi nyote wawili? Na jilinde na njia za mkato zitakazofuata, krimu na vidonge vya mtandaoni. Mkorogo unajulikana ulivyowaharibu watu figo na ngozi.

Hata hivyo, kilichonishika kwenye ombi lake ni yale maneno ya mwisho, kuliko hata pua. "Sitakusumbua tena." Yayarudie taratibu. Na yako wewe: "nisafiri na moyo mweupe." Mmekutana mahali pamoja bila kujua. Yeye anatoa pua yake iwe malipo ili mama asisumbuke, nawe unataka kulipa ili uweze kuondoka. Sijui kama ndivyo ilivyo moyoni mwake, nakuachia ulitazame.

Hapo ndipo lilipo neno la dada yako wa Dar. Alichokisoma kina chembe ya ukweli, ila alivyokutumia kimekuwa jiwe.

Mwenye fikra hiyo ya mshikamano ni daktari Mwingereza, John Bowlby. Alifundisha kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu wa kumkimbilia akiogopa, na namna alivyopokelewa humjengea picha moyoni: mimi ni wa kupendwa au siyo, watu ni wa kutegemewa au siyo. Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya, na yaya yule akaondoka yeye akiwa na miaka kama minne. Ukubwani alilifananisha pigo lile na kumpoteza mama. Nimekutajia makusudi, dada yangu, kwa sababu katika kisa chako wewe ni mama huku na ni yaya kule, na miaka hii yote umegawanywa.

Mwenzake, Mary Ainsworth, aliyafanyia kazi hayo hapa hapa jirani kwetu. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akiwatembelea kina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba watoto hushikamana na watu zaidi ya mmoja, na bibi na baba na ndugu wamo. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alitazama watoto wa kama mwaka mmoja wakiachwa na mama zao kwa dakika chache, kisha mama anarudi. Kilichomfunulia mengi kilikuwa namna mtoto anavyompokea mama akirudi. Wapo waliomkimbilia, wakalia, wakatulia. Wapo waliomng'ang'ania huku wakimpiga, hawatulizwi. Wapo walioendelea kucheza kana kwamba hakuna aliyeingia, ingawa wengine waliowapima baadaye walikuta mioyo yao inakwenda mbio. Na wapo, walioelezwa miaka ya baadaye, waliochanganyikiwa, wanasogea huku wamegeuza uso.

Wewe umerudi mara nyingi. Je, unakumbuka likizo ya kwanza alikupokea vipi? Alikurukia, au alijificha nyuma ya bibi yake? Na siku za kuondoka je, mlikuwa mnaagana, au uliondoka alfajiri amelala asije akalia? Sikuulizi ili nikuhesabie makosa. Nauliza kwa sababu majibu yake yatamsaidia mtaalamu atakayemwona kuliko maelezo ya pua.

Ama kwamba kuachwa huzaa kuuchukia mwili, tafiti nyingi za vijana zinaonyesha uhusiano: wale wenye mshikamano wa wasiwasi, wanaoishi wakihofia kukataliwa, huwa hawaridhiki na miili yao kuliko wenzao, na dalili za dismofia kwao huonekana zaidi. Lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo huwauliza vijana mambo yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo haziwezi kusema kipi kilimzaa mwenzake. Urithi una sehemu, uchunguzi wa mapacha unaonyesha hivyo. Utani wa utotoni una sehemu, na wa kwako umeutaja kwa sentensi moja ukaupita haraka. Tabia ya mtoto mwenyewe ina sehemu. Tena ushahidi uko kwenye barua yako: mdogo wake uliyemwacha ndiyo kwanza ametoka ziwani hafuniki uso. (Naye mtupie jicho, watoto wa kiume wana namna yao ya kunyamaza.) Kama ingekuwa kuondoka kwako tu, wangekuwa sawa. Na kuna mtu hujamweleza hata kidogo: bibi. Miaka 12 ameamka na nani, ameogeshwa na nani, ameugua mikononi mwa nani? Wewe hukumwacha hewani, ulimwacha mikononi mwa mtu. Ningependa kujua wale wawili wanaishije.

Lakini sitaki kukupangusa machozi kwa kukuficha nililoliona, kwa hiyo niliseme. Umesema mama wa mbali macho yake ndiyo mikono yake. Sentensi hiyo imenigusa, kwa sababu ina mapenzi tele. Igeuze uione kwa upande wa mtoto. Kwa miaka, kila alipokuona alijiona na yeye, kwenye kile kidirisha kidogo pembeni ya kioo cha simu. Hakuwa na namna ya kukuletea chai, kukuonyesha daftari, kulala ubavuni mwako. Kitu pekee alichoweza kukufikishia kilikuwa uso. Na uso ulipofika ulikaguliwa: umekonda, chunusi, sogeza simu. Wewe ulikuwa unamgusa kwa macho. Huenda yeye alisikia anapimwa.

Na huko kusogeza simu kuna jambo lake. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walipiga hesabu wakaona picha ikipigwa kutoka kama sentimita 30, pua huonekana pana kwa takribani asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Ndiyo kusema pua anayoiona usiku ndani ya chandarua si pua uionayo wewe mchana, na hasemi uongo akisema ni pana. Ukimweleza hilo, liwe mazungumzo tu. Usilifanye ushindi wa kumthibitishia kwamba amekosea, maana anaweza kuligeuza kipimo kipya na kuanza kujipiga picha za mita moja na nusu.

Zile picha tatu za Idi, sizigusi sana. Zimekaa mahali pa maumivu. Labda aliichagua ile pua kwa sababu ni nyembamba tu, kama wanavyochagua vijana wengi. Labda aliichagua kwa sababu ni ya mtoto aliyekaa na mama yake miaka yote hiyo. Hujui, nami sijui, na pengine hata yeye hajui. Usimuulize kama anayemshtaki. Unaweza siku moja kumsimulia kazi yako ilivyo: unaamka saa ngapi, yule mtoto akilia wewe unakumbuka nini, Idi ile ulilia au hukulia. Picha za status huonyesha furaha, na yeye hana nyingine za kulinganisha.

Kuhusu tiketi. Sitakuambia panda wala usipande, ila hatari za kila upande nazijua kidogo. Ukibaki moja kwa moja bila mpango, njaa ikiingia na mdogo akarudi kutoka bweni, lawama itamwangukia yeye hata pasipo mtu kusema, na anaweza kujifunza kwamba ugonjwa ndio uliomrudisha mama. Ukiondoka tarehe ile ile kana kwamba hakuna jambo, atabaki na bibi mwenye sukari na kibanio chake, na lile wazo kwamba anasumbua litakuwa limepata ushahidi. Katikati kuna njia ambazo barua yako haikuzitaja. Umemwambia bosi wako kwamba binti yako anaumwa? Wiki nne au sita za kusogeza safari zinawezekana? Pesa ya mabati, au sehemu yake, inaweza kuwa nauli na matibabu badala ya operesheni? Kama utaondoka, anaweza kujua tarehe mapema, akakusindikiza, akajua siku na saa mtakazoongea, na mazungumzo mengine yakawa ya sauti tupu, bila kamera, yakianza na "umepika nini leo"?

Iwe utabaki au utaondoka, kumwona mtaalamu kusisubiri uamuzi huo. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, muulizie huduma ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra pamoja na matendo: mgonjwa hupunguza hatua kwa hatua kujikagua na kujificha, leo barakoa dakika tano mezani na bibi, wiki ijayo hadi dukani. Kuna dawa pia, kama fluoxetine, ambazo daktari anaweza kuona zinafaa. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na kwa vijana zinataka uangalizi wa karibu mwanzoni. Ikihitajika, mtaelekezwa Muhimbili. Nendeni na maelezo ya kibanio, saa za bafuni na siku za shule alizokosa, kwani vijana wengi wa hali hii huona haya kusema na huishia kutibiwa kitu kingine. Watu watasema unampeleka Mirembe, kwa wagonjwa wa akili. Waache waseme. Kisomo cha maalim kiendelee kama kinamtuliza mama yako na mtoto mwenyewe anakiridhia. Dua na daktari havigombani, ila kimoja kisichukue nafasi ya kingine.

Jambo moja tu sitaliacha likiwa swali, nalo ulifanye leo. Muulize, kwa maneno ya wazi, kama huwa anafikiria kujiua au anatamani asingekuwepo. Hali hii huambatana na mawazo hayo mara nyingi kuliko tunavyopenda kuamini, na kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, wewe au yeye mnaweza kuipiga.

Kuhusu kuharibu. Hiyo picha ya moyoni aliyoisema Bowlby haichongwi kwenye jiwe. Watu hubadilika katika kushikamana kwao wakiwa na miaka 16, 30, hata wakiwa na wajukuu, pale wanapompata mtu anayekuja anapoitwa na kurudi anaposema atarudi. Binti yako bado anakuuliza kutwa mara kumi. Hajakunyamazia. Mimi naona yule ambaye hajakata tamaa nawe.

Usiku huu, kama ataruhusu, kaa naye mahali ambapo hamtazamani ana kwa ana. Uani mkichambua mchele, au umsuke akiwa amekupa mgongo. Simu ziwe ndani. Usiitaje pua kabisa asipoitaja yeye. Ukiona mkono wake unapanda usoni, usiushike.

Niandikie tena, hata kama itakuwa ni kutoka Muscat. Nataka kujua alikujibu nini, na bibi alikuwa wapi.